Isiolo: Tununue Lami au Tununue Safari?

Hoja: Serikali iongeze fedha za umma ili kupanua huduma za ndege katika Uwanja wa Ndege wa Isiolo.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta aliufungua rasmi uwanja wa Isiolo. Ulikuwa umegharimu Sh2.7 bilioni. Ulijengewa jengo la kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka na njia ya kurukia ya kilomita 1.4. Katika Ruwaza ya 2030 na mpango wa LAPSSET, mji wa Isiolo ulichorwa kama njiapanda ya barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Ungekuwa pia na hoteli za kitalii, na miraa ya Meru ingepaa kutoka mlangoni pake. Safari za ratiba zilijaribiwa, zikakatika, na ndege za mizigo zilizotarajiwa hazikuja. Kila zinapotajwa pesa za kuongeza, watu hugawanyika kambi mbili.

Wasemaji wa mjadala huu nimewatunga: mwanasiasa wa kaunti, mhasibu mstaafu, rubani mstaafu, mkulima wa miraa kutoka Maua na mama anayeuza maziwa ya ngamia. Tarakimu wanazozitaja kuhusu nchi, sheria na viwanja ni za kweli. Pale wanapokadiria, wanasema wanakadiria.

MWENYEKITI: Mheshimiwa, hoja ni yako. Tuanzie kwako.

MHESHIMIWA: Ahsante, Mwenyekiti. Naanzia mwaka 1965. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka huo ulisema fedha za maendeleo zipelekwe zaidi mahali zitakapozaa haraka, yaani penye rutuba, mvua, na barabara au reli iliyokwisha kujengwa. Kaskazini hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo tukaambiwa tungoje. Lami ya kutoka hapa hadi Moyale, kilomita kama 500, ilikamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Miaka yote hiyo tulipoomba barabara tuliulizwa: magari yenu ni mangapi? Magari yangetoka wapi na barabara haipo? Leo nikiomba ndege naulizwa: abiria wenu ni wangapi? Swali ni lile lile, limebadilishiwa chombo tu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

MHASIBU: Historia hiyo siipingi, Mheshimiwa. Napinga kuifanya iwe hati ya malipo. Barabara ya Moyale anaitumia mwenye lori, mwenye mbuzi wawili na mwanafunzi anayekwenda shule. Sasa tazama uwanja. Abiria 125,000 kwa mwaka ni watu 342 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa ndege za abiria 12, zinazoweza kutua hapa bila taabu, tungehitaji ndege zipatazo 28 kila siku, zinazotua na zinazoruka, tena zilizojaa pomoni. Kaunti nzima ya Isiolo, kwa sensa ya 2019, ina watu 268,002. Aliyepanga jengo lile hakuanza na abiria. Alianza na mchoro. Na sasa tunaambiwa mchoro haukutosha, tuongeze mwingine.

MHESHIMIWA: Umehesabu Isiolo peke yake. Uwanja umekaa mpakani, na njia yake ya kurukia imeingia upande wa Meru. Meru ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Hao si abiria?

MHASIBU: Ni abiria, na nakushukuru kwa kuwataja. Lakini mtu wa Meru mjini ana lami hadi Nairobi. Kabla hajapanda ndege ateremke kwanza Isiolo, afike mapema, akaguliwe, aruke, ashuke kwenye Uwanja wa Wilson jijini, kisha aingie kwenye foleni ya Barabara ya Lang'ata. Saa ulizomwokolea angani unamnyang'anya ardhini.

MWENYEKITI: Tumsikie mwenye mzigo. Mzee, uwanja huu ulinadiwa kwa jina la miraa yenu.

MZEE: Kwa jina letu, ndiyo. Sikumbuki kuombwa idhini. Miraa huchumwa asubuhi, hufungwa vibunda, huviringishwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, kisha hupakiwa kwenye pikapu zinazokimbilia Nairobi. Nyote mnajua zinavyokimbia, na mnajua wangapi wamekufa barabarani. Siku ya pili au ya tatu miraa imekauka, haina bei. Kwa hiyo mtu akiniambia ndege itaruka kutoka Isiolo, naelewa faida yake kabla hajamaliza sentensi.

MHESHIMIWA: Mnasikia?

MZEE: Sijamaliza, Mheshimiwa. Uholanzi ilifunga soko mwaka 2013. Uingereza ikafunga Juni 2014. Uwanja ulipofunguliwa 2017, Ulaya ilikuwa imekwisha kutuaga. Tulibaki na Somalia. Somalia nayo ilizuia ndege za miraa kwa siku kadhaa Septemba 2016, na ikazuia tena kuanzia Machi 2020. Ilifungua Julai 2022. Miaka miwili na zaidi! Watu walikata miti, wengine wakatoa watoto shuleni. Mnataka kurefusha uwanja kwa ajili ya mnunuzi mmoja anayeweza kufunga mlango kwa tangazo moja la asubuhi?

KAPTENI: Niruhusuni niliweke sawa jambo la urefu, maana kila mtu hudhani ugonjwa wa Isiolo ni ufupi wa njia. Ndege ya mizigo yenye injini kubwa za jeti haitoshi pale, hilo ni kweli. Lakini miraa ya Mogadishu kwa miaka mingi imerushwa kutoka Wilson, na njia ndefu zaidi ya Wilson ina urefu wa kilomita 1.5 na kidogo tu. Tena Wilson iko juu zaidi, karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, ilhali Isiolo ni kama mita 1,100. Hewa ya juu ni nyepesi, bawa halipati nguvu na injini haivuti vizuri. Kwa hesabu ya mwinuko, Isiolo ina nafuu.

MHASIBU: Basi kwa nini miraa iko Wilson na haiko Isiolo?

KAPTENI: Kwa sababu ndege zinalala Wilson. Kule kuna mafundi, vipuri, mafuta, forodha, wakaguzi wa mimea na mawakala wa mizigo. Ndege ikitoka Wilson kuja kuchukua miraa Isiolo, safari hiyo ya kwanza inaruka tupu, na mafuta yake yanalipwa na miraa. Ukiongeza lami mita mia sita, safari tupu inabaki pale pale. Joto nalo lipo. Miraa iliyochumwa asubuhi ingefika Isiolo adhuhuri, saa ambayo hewa imepashwa moto na rubani analazimika kupunguza shehena ili aweze kupaa. Kwa hiyo hata ukipata ndege, utapakia pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya mradi.

MHESHIMIWA: Kapteni, huko ni kusema kwamba palipo na ndege pataongezewa ndege, na pasipo na ndege patabaki hivyo. Ndiyo ule Waraka wa 1965 umevaa sare ya rubani.

KAPTENI: Hapana, Mheshimiwa. Nasema kitu kinachokosekana hapa si lami. Ukiwapa pesa wauza lami, watakuuzia lami.

MHESHIMIWA: Na Eldoret je? Ule uwanja ulipofunguliwa mwaka 1997 na Rais Moi, wafadhili walikuwa wameupinga, magazeti yakaucheka. Leo kuna safari za kila siku kwenda Nairobi, na kampuni zinashindana.

MHASIBU: Eldoret ni mfano mzuri kwetu sote wawili. Ulijengewa njia ya karibu kilomita 3.5 kwa ajili ya mizigo ya kwenda nje. Mizigo ikaja kweli, lakini ikitoka nje kuingia: bidhaa za Ghuba zikishushwa, ndege zikirudi nyingi bila shehena. Zao lililoahidiwa halikupatikana. Abiria wa Nairobi walipatikana baadaye, kwa sababu mji ulikua, chuo kikuu kikakua, biashara zikakua, na barabara ya Nakuru ikazidi kuwa mateso. Abiria hao wangehudumiwa na njia fupi kuliko ile. Miaka yote ya katikati nani alilipa?

MHESHIMIWA: Walilipa Wakenya, kama Wakenya tunavyolipia mambo mengi ya Nairobi ambayo sisi hatuyatumii.

MWENYEKITI: Tumezungumza sana kuhusu mizigo na watu wa mbali. Mama, wewe unaishi hapa na biashara yako inakwenda Nairobi.

MAMA: Inakwenda kila siku, kwa basi. Maziwa ya ngamia yanakusanywa kutoka kwa wafugaji, yanachemshwa au yanapoozwa, yanaingia kwenye madebe, yanapanda basi la Eastleigh. Nyinyi mnabishana kuhusu ndege. Mimi naomba chumba cha baridi na umeme usiokatika. Lita ya maziwa haiwezi kujilipia tiketi ya ndege, hata uipambe vipi. Na nyama ni hivyo hivyo. Tuliambiwa nyama yetu itaruka kwenda Uarabuni. Kichinjio cha kuuzia nje kimechukua zaidi ya miaka kumi kwenye ujenzi. Sasa ndege ingebeba nini, mbuzi wazima?

MHESHIMIWA: Mama, watalii nao? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Samburu, Shaba, Buffalo Springs, zote ziko hapa jirani.

MAMA: Hao watalii ninawaona kwa macho. Ndege zao zinapita juu yetu.

KAPTENI: Zinatua mbugani kwenyewe. Nimetua Buffalo Springs na Kalama mara nyingi, na Lewa wana kiwanja chao. Mtalii anashuka kwenye changarawe, gari la kambi linamngoja, na kabla ya kufika kambini amekwisha kuona twiga. Ukimwambia ashuke Isiolo mjini kisha apande gari kwa saa nzima, umempokonya alichokilipia. Hata mwenye kambi hatakubali.

MHASIBU: Kwa hiyo tuorodheshe. Miraa inamngoja mnunuzi mmoja na inaruka kutoka Wilson. Watalii wana viwanja vyao. Nyama haijawa tayari. Maziwa yanataka baridi. Mtu wa Meru ana barabara. Mheshimiwa, pesa unaziombea nani?

MHESHIMIWA: Naziombea anayeishi hapa ambaye hamjamtaja hata mmoja wenu. Mgonjwa wa figo. Mjamzito wa Merti. Mfanyabiashara mdogo ambaye zabuni yake hufunguliwa Nairobi saa nne asubuhi, akalazimika kulala huko na kulipia lojing'i. Na kijana anayesomea kazi ambayo mwalimu wake hawezi kufika hapa.

MHASIBU: Mgonjwa mahututi hasubiri ndege ya ratiba.

KAPTENI: Hapo Mhasibu yuko sahihi. Madaktari wa AMREF wamekuwa wakiruka kutoka Nairobi tangu 1957. Wanachotaka ni njia iliyofagiliwa, isiyo na ng'ombe, yenye mtu wa zamu anayejibu simu usiku. Uwanja huu, hata kama hautapata safari moja ya ratiba, unastahili kulindwa kwa ajili hiyo. Gharama ya kuuweka wazi na gharama ya kuupanua ni vitabu viwili tofauti, na wanasiasa hupenda kuvichanganya.

MAMA: Mimi nina swali lingine. Zile safari zilipokuwepo, nani aliniuliza ningependa kuruka saa ngapi? Mtu wa hapa akienda Nairobi anakwenda ofisini. Anataka kuondoka alfajiri na kurudi jioni, alale kwake. Ndege ikipita adhuhuri, mara chache kwa wiki, haimfai. Atalala Nairobi tu. Kama ni kulala, si bora apande basi la usiku?

KAPTENI: Umegusa kiini, Mama. Kampuni hupanga ratiba kufuata ndege, siyo kufuata abiria. Ndege hupata faida ikiwa angani. Asubuhi na jioni kampuni huipeleka kwenye njia zenye wateja wengi, na miji midogo hupewa saa zilizobaki. Abiria hawaji, kwa kuwa saa haziwafai. Kampuni husema abiria hawapo, hufunga. Mpinzani wa uwanja hupata ushahidi, na mtetezi hudai njia ndefu zaidi. Wote wawili hawajawahi kujaribu saa inayofaa.

MWENYEKITI: Jaribio hilo lingegharimu kiasi gani?

KAPTENI: Nitakadiria, na mnisahihishe. Chukua ndege ndogo ya injini moja, viti 12. Tuseme kampuni hurudisha gharama zake zote viti 8 vikilipiwa, na tiketi ni Sh8,000. Ndege iende na kurudi mara tano kwa wiki. Hizo ni safari 520 kwa mwaka. Viti 5 vikiuzwa kila safari, mfuko wa umma ulipie vitatu vinavyopungua. Ni viti 1,560, yaani Sh12.48 milioni kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, Sh37.44 milioni.

MHESHIMIWA: Ambayo haifiki hata asilimia mbili ya Sh2.7 bilioni!

KAPTENI: Haifiki. Na kama nimekosea, tiketi ikawa ghali maradufu na pengo likawa maradufu, bado ni chini ya asilimia sita.

MHASIBU: Subirini kwanza. Abiria wenu ni 2,600 kwa mwaka. Gawanya. Kila anayepanda amepewa Sh4,800 na mlipakodi, naye ni mtu aliyekwisha kuwa na Sh8,000 za tiketi.

MAMA: Kwa hizo 4,800 mimi naenda Nairobi na kurudi kwa matatu, na chenji inabaki.

MHASIBU: Ndivyo. Muuza maziwa anamchangia mwanakandarasi tiketi ili awahi mkutano. Hiyo ndiyo haki mnayoiita ya kaskazini?

MHESHIMIWA: Hesabu yako imehesabu aliyekaa kwenye kiti. Haikuhesabu alichokwenda kufanya.

MAMA: Au alichokuja kufanya. Kwa nini kila mnapoitaja ndege ni mimi ninayepelekwa Nairobi? Mleteni daktari wa macho hapa. Aje asubuhi, aone watu arobaini, arudi jioni kwake. Mleteni fundi wa mashine ya hospitali siku inapoharibika, tusingoje wiki mbili. Kiti kimoja cha daktari kinawapunguzia watu arobaini safari ya basi. Hicho hata mimi nitakichangia.

MHASIBU: Hicho sikukitia kwenye hesabu yangu, Mama, na kinaibadilisha. Lakini kinaibadilisha kwa namna moja mahususi. Kama faida ni ya afya, basi bajeti ya afya inunue viti hivyo, ionekane imeandikwa: viti vingapi, madaktari gani, wagonjwa wangapi. Kama ni mafunzo, chuo kinunue. Msiifiche ruzuku ndani ya saruji ya uwanja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MHESHIMIWA: Serikali iwe mteja?

MHASIBU: Iwe mteja, ndiyo. Imekuwa mjenzi kwa muda wa kutosha.

MWENYEKITI: Hili limefanywa mahali pengine?

MHESHIMIWA: India. Walianzisha mpango wa UDAN mwaka 2016, na ndege ya kwanza ikaruka Aprili 2017 kati ya Shimla na Delhi. Serikali ilijaza pengo la mapato ya kampuni kwa miaka mitatu, na kwa sehemu ya viti nauli ya safari ya saa moja ikawekewa kikomo cha rupia 2,500. Pesa zikatoka kwenye tozo ya safari za njia kubwa. Na sisi tuna pa kuanzia: kila tiketi ya safari ya ndani tayari inabeba tozo ya abiria ya Sh600, na ya nje dola 50. Anayeruka Nairobi hadi Mombasa achangie kidogo njia ya Isiolo.

MHASIBU: Umeisoma taarifa ya mkaguzi wao wa hesabu ya 2023? Njia 774 ziligawiwa katika awamu tatu za kwanza. Zilizoanza ni 371. Zilizofikisha miaka mitatu ni 112. Zilizoendelea kuruka baada ya ruzuku kwisha, hadi Machi 2023, ni 54. Asilimia saba, Mheshimiwa.

KAPTENI: Mimi naisoma taarifa hiyo kinyume chako, Mhasibu. Njia 54 ambazo hazikuwepo sasa zipo na zinajilipia. Na zile zilizokufa, ruzuku yake ilikufa nazo. Kampuni haikuruka, haikulipwa. Ukimwaga lami mahali pasipo abiria, lami haikurudishii pesa.

MHASIBU: Nakubali, kwa sharti kwamba kikomo kiwe kikomo kweli. Marekani walipoyaachia mashirika yao ya ndege yajipangie njia na nauli mwaka 1978, waliiahidi miji midogo ruzuku ya miaka kumi ili isiachwe. Miaka kumi ikaisha, wakaongeza kumi mingine. Mwaka 1996 wakaufuta mwisho wenyewe. Ruzuku ile ipo hadi leo. Kila mji una mbunge, na hakuna mbunge anayetaka ndege ya kwao iondoke zamu yake.

MHESHIMIWA: Ni kweli, nami nisingetaka.

MHASIBU: Nashukuru kwa ukweli huo. Ndiyo maana tarehe ya mwisho iandikwe kwenye mkataba na isiachiwe huruma yako. Wamarekani hao hao walianzisha mwaka 2000 mfuko mwingine ulio na adabu zaidi: mji unaandika ombi, unaonyesha abiria wake, na unapewa uzito zaidi ukiweka na pesa yake. Pesa za mfuko zinaweza kuihakikishia kampuni mapato kwa muda tu, hadi njia ishike au ishindwe.

MWENYEKITI: Na sheria yetu inaruhusu? Kaunti iweke pesa kwenye ndege?

MHASIBU: Hapo pana mtego. Jedwali la Nne la Katiba limeupa usafiri wa anga Serikali ya Kitaifa. Kaunti imepewa barabara zake, maegesho, feri na bandari. Kuna Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, na Isiolo ilikuwa kati ya kaunti 14 za kwanza zilizotajwa kunufaika. Lakini Katiba imetaja maji, barabara, afya na umeme. Anayetaka kuitumia Hazina ile kurefusha njia ya ndege anakwenda kumchotea Mama umeme wake wa chumba cha baridi.

MAMA: Ajaribu.

MHASIBU: Njia halali zipo. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi mbili za serikali kuhamishiana majukumu kwa makubaliano. Na kununua tiketi za madaktari wake hakuhitaji hata hilo: hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti.

MZEE: Na Meru iweke pia. Kama uwanja uko kwetu sote siku ya kugombania mpaka, uwe kwetu sote siku ya kulipa. Sisi wa miraa tukihitaji ndege ya kukodi siku ya bei nzuri, tutaikodi kwa pesa yetu. Tunachotaka serikalini ni forodha na mkaguzi wa mimea wawepo Isiolo siku hiyo. Hilo halihitaji tingatinga.

MWENYEKITI: Nimesikia vya kutosha kuibadilisha hoja. Naisoma upya. Moja: uwanja ubaki wazi na salama kwa ndege za wagonjwa, kwa bajeti yake yenyewe, safari za ratiba ziwepo zisiwepo. Mbili: pasiongezwe mita moja ya lami wala chumba kimoja cha jengo hadi safari za ratiba zitimize miaka mitatu. Tatu: safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni zitangazwe kwa zabuni, apewe kampuni itakayodai ruzuku ndogo kuliko wenzake. Nne: ruzuku ilipe viti vilivyopungua tu, ishuke kila mwaka, na ikome mwisho wa mwaka wa tatu bila nyongeza. Tano: idara za afya na elimu, kaunti zote mbili na wafanyabiashara wanunue viti vyao mapema, kabla ruzuku haijatoka. Sita: kila mwezi idadi ya abiria, nauli na ruzuku ibandikwe ukutani, mjini na mtandaoni. Kuna anayepinga?

MHASIBU: Nina shaka na la nne, kwa kuwa nawajua wanasiasa. Lakini nitalipigia kura. Jaribio la milioni thelathini na kitu linaweza kutuzuia tusizike bilioni nyingine.

MZEE: Mimi naafiki, mradi lile la forodha liandikwe.

MAMA: Naafiki la daktari. Hilo la mwanakandarasi na mkutano wake ajilipie.

MHESHIMIWA: Nilikuja na hoja ya kurefusha uwanja, nitatoka na hoja ya kununua viti. Wapiga kura wangu wataniuliza jiwe la msingi liko wapi. Nitaafiki kwa sharti moja, liwe la saba. Miaka mitatu ikiisha na ndege ikiondoka, pasitokee mtu wa kusema kaskazini ilipewa ikashindwa. Iandikwe kwamba njia moja, kwa ndege ya aina moja na kwa nauli fulani, haikupata abiria. Na pesa iliyookolewa kwa kutomwaga lami isirudi Nairobi. Ibaki hapa, iende kwenye chumba cha baridi.

MWENYEKITI: Mhasibu?

MHASIBU: La saba nalikubali. Ila andikeni kiasi chake leo, kabla ya ndege ya kwanza kuruka, maana baada ya miaka mitatu hakuna atakayekumbuka kilichookolewa ni shilingi ngapi.